Muwasho wa kwapa: si kila mara fangasi, kagua na gauni lako

Huenda una gauni au shati jeusi lenye maua mekundu, la kitambaa laini kisichohitaji pasi. Umelivaa mara mbili tatu, kwapa zikaanza kuwasha. Duka la dawa wakakupa krimu ya fangasi, ukapata nafuu kidogo, ukalivaa tena, muwasho ukarudi. Kabla hujanunua krimu ya tatu, hebu tuzungumzie rangi ya kitambaa chenyewe.

Mara nyingi maua yale hayakupakwa tu juu ya weusi, kwani wekundu juu ya weusi hauonekani. Kiwandani, kitambaa cha poliesta hutiwa kwanza rangi nyeusi au bluu. Kisha huchapwa rojo lenye vitu viwili: kemikali inayovunja rangi ya chini, na rangi nyingine isiyovunjika kwa kemikali hiyo. Kikipitishwa kwenye mvuke wa moto, weusi hufutika pale palipochapwa na wekundu hukaa mahali pake. Kemikali zinazotumika ni kama kloridi ya stani, au zile za jamii ya salfoksileti ambazo huachia fomaldehaidi. Mwishoni kitambaa hufuliwa ili mabaki yatoke. Kikifuliwa juu juu, mabaki hayo unakwenda nayo nyumbani.

Rangi yenyewe nayo ina neno. Rangi za poliesta hazifungamani na nyuzi. Hujipenyeza tu ndani yake kwa joto kali. Kitambaa kikitiwa rangi kupita kiasi, jasho na msuguano huitoa kidogo kidogo hadi kwenye ngozi. Zinazojulikana zaidi kwa kuleta mzio ni bluu mbili, Disperse Blue 106 na 124, ambazo hutumika pia kutengeneza rangi nyeusi.

Utatofautishaje na fangasi? Mzio wa nguo hufuata mshono: kingo za kwapa, kiuno, mapaja kwa ndani, nyuma ya magoti. Katikati ya kwapa, ambako nguo haigusi sana, mara nyingi hubaki salama. Muwasho huanza siku moja hadi tatu baada ya kuvaa, ndiyo maana wengi hawaishuku nguo. Fangasi kwa kawaida huwa na ukingo ulioinuka wenye magamba, na hutanuka taratibu hata ukibadili nguo.

Wasomaji wa Zanzibar, Mombasa na kote mnakopakwa piko, hili linawahusu zaidi. Piko nyeusi huwa na kemikali iitwayo PPD. Ngozi iliyowahi kuvimba au kutoa malengelenge kwa piko inaweza kuzikataa pia baadhi ya rangi za poliesta, kwa kuwa kemikali zake zinafanana.

Ufanye nini? Fua nguo mpya kabla ya kuivaa. Mabaki na rangi iliyolegea hupungua. Ikiwa tayari una mzio, kufua pekee hakutoshi. Iweke nguo hiyo kando kwa wiki tatu au nne, vaa pamba nyeupe au ya rangi hafifu isiyobana, kisha uone ngozi inasemaje. Usijipake krimu kali za steroidi kwa kujinunulia, maana hukonda ngozi na huficha fangasi kama ipo. Muwasho ukiendelea, muone daktari wa ngozi. Kuna kipimo cha kubandika kemikali mgongoni kwa siku mbili ambacho humtaja mhusika. Nenda na nguo yenyewe.

Nanyi mafundi wa batiki, ile haidrosulfaiti mnayotumia pamoja na kostiki soda nayo ni kemikali ya kupokonya rangi oksijeni, ndugu wa hizi za kiwandani. Harufu yake kali huamsha pumu, na unga wake ukipata unyevu unaweza kuwaka moto. Kostiki huunguza ngozi na macho. Fanyieni kazi mahali penye hewa, vaeni glavu ndefu na miwani, na sufuria ya rangi isirudi jikoni kamwe.

Nguo ni ya kukusitiri, si ya kukuwasha. Ikikukataa mara mbili, usiilazimishe.