Nyumba ya Chetambe ilivyoliwa

Mcheza bao aliyekomaa, ukimwuliza ni kete ipi iliyomwua, hakuonyeshi ile ya mwisho. Atarudi nyuma michezo kumi, atie kidole katika shimo moja, aseme, "Hapa ndipo nilipokufa." Waliomzunguka barazani watacheka, kwani hapo yeye alikuwa akijiona mshindi.

Wasomaji wetu wa pwani hawahitaji kufundishwa bao. Mashimo thalathini na mawili, kete sitini na nne, kila mmoja na zake thalathini na mbili. Sita hutiwa katika nyumba, nne huwekwa kando yake, na ishirini na mbili hubaki mkononi za kunamulia. Lakini watu wengi huuona mchezo huu kuwa wa kupitishia wakati tu baada ya alasiri. La hasha! Bao ni vita. Yaliyotokea Bungoma mwaka 1895 yanaonyesha jinsi hesabu ya vita na hesabu ya bao zinavyofanana, ila vitani ni watu, si komwe.

Ukitoka Kitale kuteremka upande wa Webuye, mji uliokuwa ukiitwa Broderick Falls, utakiona kilima cha Chetambe. Juu yake ilikuwapo ngome iliyoitwa kwa jina la mwenyewe, Chetambe Ifile, mtu wa Kitachoni. Wabukusu na Watachoni walikuwa mahodari wa kujenga ngome hizi: ukuta wa udongo, handaki refu nje yake, na milango myembamba ya kupita mtu mmoja mmoja. Ndani waliingia wake kwa waume, watoto na ng'ombe. Adui mwenye mkuki na ngao alipokuja kuteka mifugo alikuta handaki, akarudi alikotoka. Kwa vita vya siku zile, ngome ilikuwa nyumba iliyojaa kete, na hakuna aliyeweza kuila.

Watu wa misafara yetu waliwajua Wabukusu kwa jina la Kitosh, maana walipita huko wakitafuta pembe. Mji wa Mumias, ambao Waislamu wake ni mashuhuri hata leo, ulikuwa kituo chao kikubwa. Hapo ndipo Waingereza nao walipoweka boma, chini ya himaya ya Uganda, kwani sehemu ile haikuingizwa upande huu wetu mpaka mwaka 1902. Mwaka 1895 mkuu wa boma alikuwa C. W. Hobley.

Ugomvi ulianza kwa bunduki. Baadhi ya bunduki za serikali ziliangukia mikononi mwa Wabukusu, na kikosi cha askari wa Kisudani kikapelekwa kuzidai. Kikosi kile kikauawa. Katika bao tungesema Wabukusu wamekula kete nyingi kwa mchezo mmoja, na mashabiki wangepiga kelele. Lakini tutie kidole hapa, kwani hili ndilo shimo lenyewe. Aliyeliwa alikuwa bado na kete nyingi mkononi, za namna ambayo Wabukusu hawajapata kuikabili.

Mwezi wa Agosti Hobley alitoka na Wasudani, na Waganda, na wapiganaji wa Wanga waliomfuata Nabongo Mumia. Waliishambulia kwanza ngome ya Lumboka. Lumboka ilipovunjika, waliosalimika walikimbilia Chetambe, wakajaza nyumba moja kwa kete za nyumba mbili. Kila mcheza bao anaijua hatari hiyo. Nyumba kubwa humpa mwenyewe kiburi, akawa halali usingizi kwa kuilinda, na mpinzani hana tena haja ya kuhangaika na mashimo mengine. Anangoja mtaji mmoja tu, aizoe yote.

Chetambe ikaliwa hivyo. Ukuta uliozuia mikuki haukuzuia risasi, na ile milango myembamba iliyomkawiza adui kuingia ikamkawiza mwenyeji kutoka. Waliouawa walikuwa wengi, na wengine wakatekwa pamoja na mifugo. Hobley mwenyewe aliandika habari za vita hivi katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1929.

Sasa tazama ajabu ya Mola. Mwezi huo huo wa Agosti 1895, huku kwetu, Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui naye alikuwa ngomeni, Mwele, nyuma ya Gazi. Fitina ya urithi wa Takaungu ilikuwa imegeuka vita. Waingereza wakamwendea chini ya Admirali Rawson, na tarehe 17 Mwele ikatekwa. Lakini Mbaruk hakumalizika na ngome yake. Aliingia mwituni, akawasumbua miezi mingine minane, na Aprili 1896 akavuka na wafuasi wake kwenda upande wa Wadachi.

Hatusemi kuwa Mbaruk alishinda, nchi aliipoteza. Tunasema alikuwa na safu ya nyuma. Katika bao letu kete za nyuma haziliwi; huliwa za mbele tu, na mwenye akili huzirudisha nyuma nguvu zake mbele inapochafuka. Wa Chetambe walizungukwa. Na si haki kuwalaumu kwa ujinga, kwani walicheza vyema mchezo walioufundishwa na baba zao. Kilichowaponza ni kuwa kanuni zilibadilishwa, na hakuna aliyewajulisha. Mwandishi huyu aliwatungia ubeti:

Ngome hukinga upanga, haizuii risasi,
Mchezaji akiringa, kete zamwisha upesi,
Nyumba aliyoijenga, hugeuka mahabusi,
Hekima kwanza kupanga, njia ya kutoka basi.

Hasara ya Chetambe haikwisha siku ile. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwapandisha wafuasi wake kilimani kuwakumbuka waliokufa. Miaka hamsini na miwili ilikuwa imepita, na nchi ya Kitale ilikuwa mashamba ya walowezi, ambako Wabukusu wengi walifanya kazi ya kuajiriwa. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi mkutano wa watu Malakisi, wakafa kumi na mmoja. Masinde akakamatwa, na miongoni mwa mahali alikohamishiwa ni Lamu yetu. Hivyo mzee wa Kilamu aliyemwona mfungwa yule akipita, alikuwa akiona kete ya bao lililoanza kuchezwa mwaka 1895.

Kitale leo ina makumbusho ya taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1974, na mwanafunzi wa pwani akifika huko na atazame namna watu wa magharibi walivyoishi. Kisha ashuke mpaka Chetambe. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini kukubali si kusahau: bao likiisha, kete hupangwa upya, na kila mchezaji hukumbuka shimo alilofia.