Mtoto Akitoweka, Macho Huwageukia Wazazi

Katika vijiji vya Meatu, mkoani Simiyu, mtoto akitoweka usiku kinachotangulia ni mwano. Ukelele huo wa kuomba msaada hupokezanwa kaya kwa kaya, na wanaume hutoka na fimbo na tochi kuufuata kule ulikoanzia. Asiyetoka huulizwa kesho yake kwa nini alibaki ndani. Sungusungu, walinzi wa jadi walioanza huku Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipokithiri, walijengwa juu ya desturi hiyo. Kwa eneo kama Mwandoya, lenye kaya zilizotawanyika kati ya mashamba ya pamba na malisho, ni vigumu kubuni njia ya haraka zaidi ya kukusanya watu.

Kisha kunapambazuka. Mtoto hajaonekana, waliokesha porini wamerudi na umande miguuni, na maneno yanaanza kuigeukia nyumba yenyewe. Mbona mama halii? Baba alikuwa wapi usiku? Mlango ulifunguliwaje mbwa wasibweke? Kuna mkono wa mtu hapa. Wamemtoa kafara.

Maneno hayo yana historia. Desemba 2014, mtoto wa kike wa miaka minne mwenye ualbino aliibwa usiku nyumbani kwao wilayani Kwimba, mkoani Mwanza, na baba yake alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Februari 15, 2015, watu wenye silaha waliingia katika nyumba moja wilayani Chato, mkoani Geita, wakamchukua mtoto wa mwaka mmoja, naye mwenye ualbino. Mwili wake ulipatikana siku mbili baadaye ukiwa umekatwa viungo. Huko pia polisi walimshikilia baba. Mei 30, 2024, mtoto wa miaka miwili na nusu aliporwa nyumbani wilayani Muleba, mkoani Kagera. Mabaki yake yalipatikana Juni 17, na kati ya watu tisa waliofikishwa mahakamani kwa mauaji hayo walikuwamo baba yake mzazi na paroko msaidizi.

Kukamatwa si kupatikana na hatia, na hata kushtakiwa bado si hukumu. Hata hivyo, matukio hayo yanaeleza kwa nini mpelelezi huanza na watu wa ndani ya nyumba. Ndio waliomwona mtoto mwisho, ndio wanaojua milango na ratiba, na mara nyingine mmoja wao ndiye mhusika. Mpelelezi anayeacha kuwauliza kwa kuwaonea haya anamkosea mtoto.

Lakini tukio la Chato lina jambo jingine ambalo umati husahau upesi. Mama wa mtoto yule alikatwa mapanga akijaribu kumng'ang'ania mwanawe. Katika nyumba moja, mzazi mmoja alitiliwa shaka na mwingine alinusurika kufa akimtetea mtoto. Anayesema "wazazi wanajua" amekwishawafunga wote wawili kwa kamba moja kabla ya kuuliza swali lolote.

Tofauti kubwa kati ya mpelelezi na umati imo katika kile wanachokitazama. Mpelelezi anatakiwa atazame saa, alama na vitu. Umati hutazama uso.

Hakuna kisa kinachoonyesha hatari ya jambo hilo zaidi ya kile cha Lindy Chamberlain wa Australia. Usiku wa Agosti 17, 1980, yeye na mumewe Michael, mchungaji wa Wasabato, dhehebu lenye waumini wengi pia katika Kanda ya Ziwa, walikuwa wamepiga hema karibu na mwamba wa Uluru. Binti yao Azaria alikuwa na umri wa wiki tisa. Lindy alipiga kelele kwamba dingo, mbwa wa porini wa nchi hiyo, amemchukua mtoto hemani. Watu walitoka kumsaka gizani, kama ambavyo wangetoka Meatu.

Uchunguzi wa kwanza wa kifo, uliomalizika Februari 1981, ulikubaliana naye. Umma haukukubali. Mama huyo alionekana kwenye televisheni akiwa mtulivu, akieleza kwa ufasaha jinsi dingo anavyokula mawindo yake, na utulivu huo ukahesabiwa kuwa ukatili. Ilisemwa kwamba jina Azaria maana yake ni sadaka ya nyikani, jambo ambalo si kweli. Ilisemwa kwamba kumvika mtoto mchanga gauni jeusi ni dalili ya kafara. Wengi hawakuamini kwamba dingo anaweza kumbeba mtoto.

Sayansi nayo ikaburutwa na upepo huo. Lindy alishtakiwa kwa kumuua binti yake, na mahakamani Darwin, mwaka 1982, mtaalamu alieleza kuwa vipimo vimeonyesha damu ya mtoto mchanga ndani ya gari la familia. Lindy alifungwa maisha akiwa mjamzito, akajifungua akiwa mfungwa. Zaidi ya miaka mitatu baadaye, Februari 1986, koti dogo la Azaria liliokotwa karibu na mapango ya dingo, koti ambalo mama alikuwa akisema tangu mwanzo kwamba mtoto alikuwa amelivaa. Aliachiwa siku chache baadaye. Uchunguzi wa tume iliyoundwa baada ya hapo ulivunja ushahidi wa damu: sehemu ya kile kilichodhaniwa kuwa damu iliyoruka ilikuwa dawa ya kupunguza kelele iliyopulizwa kiwandani wakati gari linatengenezwa. Hukumu yake ilifutwa mwaka 1988. Juni 12, 2012, miaka karibu 32 baada ya usiku ule, cheti cha kifo kiliandikwa hatimaye kwamba mtoto aliuawa na dingo.

Je, kuna uso wa mzazi mwenye hatia? Mwaka 2001 watafiti Aldert Vrij na Samantha Mann waliwaonyesha polisi 52 picha za video za watu waliojitokeza hadharani kuomba msaada wa kuwapata ndugu zao au waliowaua ndugu hao. Miongoni mwa waombaji hao walikuwamo waliokuja kuthibitika kuwa ndio waliowaua. Polisi hao hawakuwa hodari kuliko mtu anayebahatisha. Mwaka 2006, Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha tafiti nyingi zilizohusisha zaidi ya watu 20,000 waliopimwa uwezo wa kutambua uongo, na wastani wa kupatia ulikuwa asilimia 54. Kurusha sarafu hewani kungewapa 50.

Sababu yake iko mwilini. Mshtuko mkubwa huijaza damu adrenalini na kotisoli, na watu hawaupokei kwa namna moja. Mmoja atagaagaa chini. Mwingine ataganda, atazungumza kwa sauti bapa kama anayesoma barua ya mtu mwingine, na machozi yatamjia baada ya wiki. Mwingine amelelewa kuamini kwamba kulia mbele za watu ni kumkufuru Mungu. Anayesubiri kilio cha aina moja atamwona mwenye hatia pale asipokuwepo, na mwigizaji mzuri wa kilio atapita mbele yake salama.

Jambo gumu zaidi ni kwamba shaka hiyo humtuliza anayeishikilia. Mwanasaikolojia Melvin Lerner alionyesha mwaka 1966, pamoja na mwenzake Carolyn Simmons, kwamba watu wakimtazama mtu anateseka bila kosa nao hawawezi kumsaidia, huanza kumshusha thamani. Moyo unakataa dunia ambamo jambo kama hilo laweza kumpata yeyote. Kwa jirani mwenye mtoto mchanga ndani ya nyumba ya udongo yenye mlango wa bati, habari kwamba wezi walipita tu inatisha. Habari kwamba mama wa kule alimtoa mwanawe inamwacha alale: yeye si mama wa namna hiyo.

Wilaya ya Meatu ina ushahidi wake kuhusu jinsi tuhuma zinavyozaliwa, na unajulikana na wachumi duniani kote. Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikusanya taarifa katika vijiji 67 vya wilaya hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Katika miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi yaliongezeka maradufu, ilhali mauaji mengine hayakuongezeka. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa jamaa zao. Ushahidi dhidi yao haukuwa umebadilika. Iliyobadilika ni mvua.

Na bibi kama hao walihukumiwa kwa uso. Macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi jikoni, yaligeuzwa kuwa alama ya uchawi.

Hata mnyama akihusika, shaka hurudi kwa binadamu. Meatu inapakana na mapori yenye fisi, na fisi ana uwezo wa kumbeba mtoto mdogo. Lakini Usukumani fisi ni mnyama anayehusishwa na wachawi. Mwaka 2025, katika Wilaya jirani ya Itilima, fisi waliuawa na maofisa wa wanyamapori baada ya kushambulia watu, na mmoja akakutwa na maandishi mwilini, jambo lililochochea msako wa mwenye fisi huyo. Kule Australia watu walikataa kwamba mnyama angeweza. Huku mnyama akikubaliwa, hutafutiwa mwenyewe.

Gharama ya maneno ya kuwashuku wazazi huangukia kwanza utafutaji. Utafiti uliofanywa jimboni Washington, Marekani, juu ya watoto waliotekwa na kuuawa ulionyesha kuwa karibu robo tatu waliuawa ndani ya saa tatu za mwanzo. Saa hizo ni za kukagua visima, mabwawa, vichaka na barabara, na kila kundi linalobaki uani kwa mama likimchungulia usoni limepunguza macho porini.

Gharama ya pili ni kumbukumbu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Walioulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipopondana" walikuwa tayari zaidi, wiki moja baadaye, kusema waliona vioo vilivyovunjika kuliko walioulizwa "yalipogongana". Vioo havikuwepo. Kama neno moja linatosha kuweka vioo kichwani mwa mtu, siku tatu za uvumi kijijini zinaweza kumfanya jirani mkweli kabisa akumbuke kwamba alimwona baba akitoka na mfuko. Hakimu atamsikiliza akiapa, na yeye mwenyewe hatajua kwamba anakosea.

Ya tatu ni mpiga ramli. Serikali ilitangaza Januari 2015 kupiga marufuku waganga wa aina hiyo baada ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, kwa sababu ramli chonganishi ndiyo inayompa kila mwenye shaka jina la kuliandama. Anayekwenda kwa mganga kuuliza nani kamchukua mtoto huenda anauliza katika soko lile lile linalotaka viungo vya watoto.

Kinachosaidia ni kazi isiyo na mvuto. Kila mkazi wa nyumba ahojiwe peke yake, mapema, kabla simulizi hazijachanganyika. Saa ziandikwe. Chumba alimolala mtoto kifungwe, maana miguu ya wenye kutoa pole hufuta nyayo za aliyeingia. Nguo na matone ya damu yapelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara zake hupima vinasaba, kipimo ambacho mahakama ya Darwin haikuwa nacho mwaka 1982. Taarifa itolewe polisi usiku ule ule, na simu ya huduma kwa mtoto, 116, hupigwa bila malipo. Kamanda wa sungusungu aliyekwisha kuukusanya umati kwa mwano ndiye mwenye sauti ya kuugawa: kundi hili mtoni, lile barabarani, na watu wawili tu mlangoni kwa wazazi, mmoja wa kulinda chumba na mmoja wa kukaa na mama.