Mbao katika Boti ya Alumini: Uteuzi, Uzibaji na Suala la Msamiati

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anaifahamu methali isemayo 'Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani'. Aghalabu tunaelezwa maana yake ya ndani, kwamba mtu azunguke atakavyo, mwishowe hurejea kwao, kisha mhadhara ukaendelea. Ni wachache wanaosita na kuuliza: tezi ni nini? Omo ni wapi? Na kwa nini marejeo yawe ngamani? Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, nayo ngama ni pale chini, ndani ya chombo, ambapo maji yanayopenya hujikusanya. Fundi wa vyombo hahitaji kufafanuliwa picha hiyo. Yeye huishi ndani yake.

Makala haya yanachukua kazi moja ya ufundi, yaani kuchagua na kuziba mbao za kukarabatia boti ya alumini, na kuieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Malengo ni mawili. La kwanza ni kumpa msomaji maarifa ya kazi yenyewe. La pili ni kulipima dai linalosikika hata miongoni mwetu, kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na siasa, ilhali ufundi hauna budi kutafutiwa lugha nyingine. Dai kama hilo halijibiwi kwa hamasa; hujibiwa kwa kazi.

Mbao ndani ya chombo cha madini

Boti ndogo za alumini zilienea hasa katika maziwa na mito ya Marekani na Kanada baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kampuni ya Grumman, iliyokuwa ikiunda ndege za kivita, ilikuwa miongoni mwa zilizoanza kuunda mitumbwi ya alumini vita vilipokwisha. Madini haya ni mepesi na hayaozi. Hata hivyo, boti nyingi za aina hii zina mbao ndani yake: sakafu, viti na, muhimu kuliko vyote, ubao wa tezi.

Ubao wa tezi ndio unaobeba mtambo. Mtambo huning'inizwa hapo, na nguvu yote inayosukuma chombo hupitia hapo. Bati la alumini peke yake lingepinda na kupasuka. Maji yakipenya kupitia matundu ya bolti, ubao huoza polepole, nje pasionekane kitu. Mwisho wake ni mtambo kulegea na hata kung'oka chombo kikiwa majini. Kwa hivyo suala hili si la urembo bali la uhai wa abiria. Dalili zake ni tatu: mtambo ukitikiswa, tezi nayo hucheza, ubao ukigongwa kwa nyundo, hutoa sauti nzito iliyokufa, na bisibisi ikichomwa karibu na matundu, huzama kana kwamba imechomwa katika muhogo uliooza.

Uteuzi wa mbao

Mbao zinazopendelewa ni plaiwudi ya baharini. Sifa yake kuu haimo katika kutooza, kwani nayo huoza ikiachwa na unyevu, bali katika gundi isiyoachia majini na tabaka zisizo na mapengo ndani. Pengo lililofichika ni kisima kidogo: maji yakilifikia, hayatoki. Unene wa ubao wa tezi katika boti ndogo aghalabu ni takriban milimita 38, nao hupatikana kwa kuunganisha kwa gundi vipande viwili vya milimita 18 au 19. Ni vyema fundi apime ubao wa zamani kabla ya kuutupa, na autumie kuchorea ule mpya.

Kosa kubwa zaidi hufanywa na mtu mwenye nia njema. Yeye hujiambia kwamba, maadamu adui ni kuoza, atanunua mbao zilizotiwa dawa. Dawa nyingi za mbao zina chumvi za shaba. Shaba na alumini zikigusana penye unyevu, hasa maji ya chumvi, hutokea mkondo mdogo wa umeme, nayo alumini ndiyo inayolika. Ubao hubaki mzima, chombo kikatoboka! Hatari hii iliongezeka nchini Marekani baada ya mwisho wa mwaka 2003, dawa ya shaba, kromiamu na aseniki ilipoondolewa katika mbao za matumizi ya nyumbani. Baadhi ya dawa zilizochukua nafasi yake zina shaba nyingi zaidi. Kwa sababu iyo hiyo, skrubu na bolti za shaba hazifai. Hutumiwa za chuma kisichoshika kutu, nazo hutengwa na bati kwa washa za plastiki na gundi laini ya kuzibia.

Uzibaji

Sharti la kwanza ni ukavu. Kuziba ubao wenye unyevu ni kuyafungia maji ndani ili yafanye kazi yao kwa faragha.

Ubao ukishakatwa na kulainishwa kwa msasa, hupakwa epoksi, ambayo ni gundi ya vimiminika viwili vinavyochanganywa na kuganda. Mipako miwili au mitatu hutosha. Kingo hupakwa zaidi kuliko nyuso, kwa kuwa hapo nyuzi za mti zimekatwa na hunywa maji kama mirija. Inafaa kupaka wakati joto la siku linapopungua. Ubao unaozidi kupata joto hutoa hewa, na hewa hiyo huacha mapovu na vitundu katika mpako.

Matundu ya bolti ndiyo malango ya uozo, kwa hivyo hushughulikiwa kwa namna ya pekee. Kama bolti ni ya milimita 10, tundu hutobolewa kwa keekee hadi milimita 14 hivi, likajazwa epoksi nzito, na baada ya kuganda likatobolewa upya kwa kipimo cha bolti. Hivyo bolti hupita ndani ya mrija wa epoksi wala haigusi nyuzi za ubao. Hatimaye, sehemu zinazopigwa na jua hupakwa rangi au vanishi ya baharini, kwani epoksi huharibiwa na miale ya jua.

Falsafa mbili za maji

Msomaji aliyezuru Matondoni au sehemu nyingine za Lamu atauliza: mbona waunda majahazi hawahangaiki hivi? Jibu ni kwamba wao wana mwafaka tofauti na maji. Jahazi huundwa kwa mbao nene zilizopigiliwa kwenye mataruma, na nafasi zilizo baina yake hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Mbao zinapoingia majini hufura na kuibana kalafati. Chombo kikikaa juani muda mrefu, mbao hunywea na kuanza kuvujisha. Hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, na chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaozuia wadudu wanaotoboa mbao. Mbao za jahazi huhitaji maji ili zizibe. Mbao za boti ya alumini huhitaji kuzibwa ili zisiyaone maji kabisa. Anayehamisha desturi moja hadi chombo kingine huharibu vyote viwili.

Hitimisho

Tumeieleza kazi yote hii, na ni maneno machache tu yaliyoazimwa: plaiwudi, epoksi, vanishi, bolti na mengineyo, ambayo yametii sarufi yetu bila ukaidi. Mengine, kama vile tezi, keekee, msasa, kalafati, taruma na deheni, yalikuwako. Mengi kati ya hayo nayo yaliingia kwa njia ya bahari na biashara, wala leo hakuna anayeyaita mageni. Upungufu basi hauko katika lugha bali katika mazoea yetu ya kuyaacha maneno haya kamusini na katika methali, huku wanaoyatumia kila siku wakizeeka karakanani.

Ingefaa mwanafunzi wa isimu au fasihi anayetafuta mada ya utafiti akae wiki moja penye karakana ya vyombo, aandike kila neno pamoja na kazi yake, si neno peke yake. Neno lisilojulikana kazi yake ni kama ubao wa tezi uliooza kwa ndani: juu rangi inang'aa, lakini halibebi mtambo.