Tazama, sikiliza, unganisha

Mama amerudi Nyakabiga, Bujumbura, mtaa alioukimbia mwaka 2015. Nyumba aliyokuwa amepanga ina watu wengine. Analala kibarazani na watoto. Wewe ni mhudumu wa kujitolea. Utaanzia wapi?

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Si lazima uwe daktari. Kuna hatua tatu.

Tazama: je, pana usalama? Nani mgonjwa, nani ana njaa?

Sikiliza: kaa naye kwa utulivu. Usimlazimishe kusimulia yaliyompata.

Unganisha: msaidie kuwafikia ndugu, kituo cha afya, viongozi wa mtaa au UNHCR.

Usimwahidi nyumba usiyo nayo. Akiisubiri, ataacha kutafuta pengine. Tunza siri zake. Usidai fedha wala kitu kingine chochote, kwani msaada hauuzwi.

Nawe unayesaidiwa, zijue kanuni hizi. Mhudumu akikudai malipo, una haki ya kukataa na kutoa taarifa.

Waulize wahudumu wa jamii kambini kwako kuhusu mafunzo haya.