Ada, Ushuru na Tozo: Istilahi za Safari Binafsi za Ndege Ndogo Kwenda Nchi za Nje

Msafiri apitaye Kibaha kwa Barabara ya Morogoro humsikia kondakta akitaja kituo cha Picha ya Ndege. Jina hilo lina fumbo dogo la sarufi. Tukisema "ndege huyu" tumetaja kiumbe. Tukisema "ndege hii" tumetaja chombo. Lakini katika jina Picha ya Ndege, "ya" inafuata picha, wala si ndege, na kwa hiyo haitupi msaada wowote. Mgeni hawezi kutambua kwa lugha peke yake kama picha hiyo ni ya kunguru au ya Boeing. Utata huo haumdhuru mtu. Abiria hushuka kituoni akaenda zake.

Kuna, hata hivyo, utata mwingine katika maneno ya ndege ambao humdhuru mtu mfukoni, na pengine hata mwilini. Madhumuni ya makala haya ni kueleza istilahi zimpasazo mwenye ndege ndogo anayetaka kuirusha mwenyewe kwenda nchi jirani pasipo kulipa zaidi ya inavyostahili. Huenda msomaji akauliza kwa nini tujisumbue, maadamu marubani wa safari za kimataifa huzungumza na waongozaji kwa Kiingereza. Jibu ni kwamba mazungumzo ya redioni ni sehemu ndogo tu ya safari. Karani wa fedha, ofisa wa forodha, mwuza mafuta na mlinzi wa maegesho wote wako ardhini, na huko ardhini Kiswahili ndicho hutumika, kuanzia Dar es Salaam hata Nairobi. Gharama nazo huzaliwa huko huko.

Tuanze na jina la safari yenyewe. Watu husema "ndege binafsi", kana kwamba ubinafsi ni sifa ya chombo. Ndege ile ile iliyombeba mwenyewe na familia yake leo yaweza kesho kumbeba mgeni aliyelipa nauli, na mara hiyo kanuni, vibali na viwango vya malipo hubadilika. Kinachotazamwa ni shabaha ya safari. Kwa sababu hiyo twapendelea kusema "safari binafsi ya ndege", na kinyume chake "safari ya kibiashara". Rubani anayejaza fomu asikubali kuandikiwa "ndege ya kukodi" kwa vile tu aliikodi kutoka katika klabu yake. Yeye ameikodi ndege. Abiria wake hawakumkodi yeye.

Sasa tuyaendee malipo. Makarani na marubani wengi hutumia jina moja, "ada ya kiwanja", kwa kila kinacholipwa pale. Aulizaye, "Ada ya kiwanja ni kiasi gani?" hupewa jibu moja asubuhi na hati tano za malipo jioni. Karani hakumdanganya, alijibu swali aliloulizwa kwa neno alilopewa. Yafaa basi kila malipo yapate jina linalotaja huduma inayolipiwa, ili mlipaji aone ni lipi analoweza kulikwepa kwa njia ya halali na lipi halikwepeki.

"Ada ya kutua" hulipwa kila gurudumu linapogusa njia ya kurukia, na aghalabu hupimwa kwa uzito wa ndege. "Ada ya maegesho" hupimwa kwa muda, na mara nyingi kwa uzito pia. Viwanja vingi husamehe saa chache za mwanzo. Neno maegesho ni zuri: linatokana na kuegesha, tendo ambalo watu wa pwani walilitumia kwa vyombo vyao kabla ya motokaa na ndege kufika. "Ada ya huduma kwa abiria" huhesabiwa kwa vichwa. "Ada ya uongozaji" hulipiwa kazi ya wale wanaoielekeza ndege inapokuwa angani. Mwisho kuna malipo ya kampuni inayoihudumia ndege kiwanjani, ambayo tutayarejea.

Juu ya ada ya uongozaji lazima tukae kidogo. Wapo wanaoiita "ada ya kupita". Jina hilo ni jepesi, lakini lina kosa la kisheria ndani yake. Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa, uliotiwa sahihi Chicago tarehe 7 Desemba 1944, unakataza katika ibara ya 15 nchi mwanachama kutoza chochote kwa haki tupu ya ndege kupita juu ya ardhi yake, kuingia au kutoka. Kinachoruhusiwa ni kulipisha huduma. Ibara hiyo hiyo inaongeza kwamba ndege ya kigeni isiyo katika safari za ratiba isitozwe kwa kutumia viwanja zaidi ya ndege ya mwenyeji ya daraja lile lile inayofanya shughuli kama hiyo. Basi anayeandika "ada ya kupita" katika hati amelipa jina lililokatazwa jambo lililo halali, na kumnyima mlipaji swali lake la msingi: nimepewa huduma gani? Swali hilo si la bure. Katika nchi zilizo chini ya utaratibu wa Eurocontrol huko Ulaya, kwa mfano, ndege yenye uzito wa chini ya tani 2 imesamehewa ada ya njia za angani.

Maneno ada, ushuru, kodi na tozo hayana budi kutenganishwa. Ada ni malipo ya huduma. Ushuru huchukuliwa na serikali juu ya bidhaa. Kodi ina nyuso mbili, kwani huwa ni haki ya serikali na pia malipo ya kutumia mali ya mtu. "Kodi ya ndege" yaweza kueleweka kwa namna zote mbili, na kwa hiyo haifai katika hati. Tozo, ambayo imekaa midomoni mwa Watanzania hasa tangu tozo za miamala ya simu za mwaka 2021, ni neno pana mno: kila kinachotozwa ni tozo. Tofauti hii ina faida ya fedha. Ibara ya 24 ya Mkataba huo inasamehe ushuru wa forodha kwa mafuta yaliyomo ndani ya ndege inapoingia nchini, maadamu yamebaki humo hadi inapotoka. Rubani aliyejaza tangi nyumbani kwa bei nafuu hadaiwi ushuru kwa mafuta hayo. Msamaha huo ni wa ushuru na malipo ya namna hiyo. Hauhusu ada ya kutua, na anayeudai huko atachekwa.

Tumekwisha kutaja mafuta, na hapa ndipo utata unapoweza kuua. "Mafuta ya ndege" ni jina ambalo kila mtu analitumia na ambalo lingefaa liondolewe katika hati zote. Ndege kubwa, pamoja na ndogo zenye injini za tabo kama Cessna Caravan, hutumia Jet A-1, ambayo ni jamaa ya mafuta ya taa. Ndege ndogo ya injini ya pistoni, kama Cessna 172, kwa kawaida hutumia avgasi, ambayo ni petroli. Anayemwambia mwuza mafuta, "Nijazie mafuta ya ndege," amesema kweli tupu, na mwuza mafuta akimjazia Jet A-1 naye hajakosea neno. Injini ya petroli iliyopewa mafuta hayo yaweza kuwaka kwa mabaki yaliyomo katika mabomba, ikairusha ndege, kisha ikazimika punde baada ya kupaa. Twapendekeza "petroli ya ndege" kwa avgasi na "mafuta ya taa ya ndege" kwa Jet A-1. Majina ni marefu, lakini hakuna atakayeyachanganya. Rangi nayo isaidie: avgasi ya daraja la 100LL hutiwa rangi ya buluu, na Jet A-1 haina rangi au ina umanjano hafifu.

Uzito una mtego wake. Ndege ndogo nyingi zimetengenezwa Marekani, na vitabu vyake huandika uzito kwa ratili. Cessna 172 ya aina ya S ina uzito wa juu wa kuruka wa ratili 2,550, yaani kilo 1,157 hivi. Rubani anayeandika 2,550 katika safu ya kilo amejifanya mwenye ndege zaidi ya mara mbili ya yake. Aidha, neno "uzito" peke yake halitoshi. Kuna uzito mtupu wa ndege, kuna uzito wa siku ile pamoja na watu na mizigo, na kuna "uzito wa juu wa kuruka" ulioandikwa katika hati za ndege. Ada kwa kawaida huhesabiwa kwa huo wa tatu, hata kama rubani yuko peke yake na begi moja.

Tuchukue safari moja tuone maneno haya yakifanya kazi. Mkazi wa Picha ya Ndege anataka kwenda Nairobi na Cessna 172. Chini ya ibara ya 10 ya Mkataba, ndege inayovuka mpaka na kutakiwa kutua lazima itue na kuondokea katika kiwanja kilichoteuliwa kwa ukaguzi wa forodha. Twakiita "kiwanja cha forodha", na jina hilo lina nasaba nzuri, maana forodha ni neno la bandarini, kama Forodhani ya Unguja inavyoshuhudia. Hata rubani, kabla ya kurusha chochote, alikuwa mwelekezaji wa vyombo baharini.

Basi mkazi wetu hashiki njia kutoka uwanja wowote wa nyasi. Anakwenda kwanza Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere. Kutoka hapo hadi Kiwanja cha Wilson, Nairobi, ni kama maili 363 za baharini kwa mstari ulionyooka. Akipitia Kilimanjaro ni kama 370. Tofauti ni maili 7 tu, kwa hiyo mafuta si hoja. Hoja ni ada ya kutua mara moja zaidi. Kwa upande mwingine, akitua Kilimanjaro anaweza kumalizia taratibu za kutoka nchini pale, na kupumzika kabla ya Wilson, kilichoko juu ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari. Kwa nini Wilson, na si Jomo Kenyatta? Vyote viwili ni viwanja vya forodha, lakini Wilson, kilichoitwa zamani Nairobi West, kimelelewa na ndege ndogo, ilhali kile cha Embakasi kilifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya ndege kubwa. Pale penye ndege kubwa, ndege ndogo hulipia huduma zilizokusudiwa kwa wakubwa. Kabla ya yote aulize kama petroli ya ndege ipo, kwa maneno hayo hayo tuliyoyapendekeza, maana si kila kiwanja kinayo.

Imebaki saa. Mpango wa safari ya ndege huandikwa kwa saa ya dunia, yaani UTC. Saa ya Afrika Mashariki iko mbele yake kwa saa 3, na saa yetu ya Kiswahili, inayoanza kuhesabiwa jua linapochomoza, iko nyuma yake kwa saa 3 wakati wa mchana. Hivyo saa ya dunia imekaa katikati kabisa ya saa zetu mbili, na hesabu ni rahisi: kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 3 juu ya saa ya Kiswahili. Mtu wetu akiruka saa 2 asubuhi ataandika 0500. Akisafiri saa 3 na dakika 20 atatua saa 5 na dakika 20, ataandika 0820.

Ugumu huja katika simu. Rubani amwambiaye ofisa wa forodha, "Nitafika saa tisa," akikusudia saa tisa alasiri, yaweza kuwa ameandikiwa 0900, yaani saa sita mchana. Ofisa husubiri saa tatu, kazi yake ya siku ikiisha, na rubani anapotua hukuta ada ya nje ya saa za kazi inamngoja. Ndiyo maana twashauri saa itajwe mara mbili: "saa tisa alasiri, saa ya dunia kumi na mbili."

Kuhusu ile kampuni inayoipokea ndege, kuisukuma, kuwapeleka abiria penye ukaguzi na kukusanya karatasi, bado hatujapata neno la kuridhisha. "Huduma za ardhini" hutumika, lakini ardhini ni kila mahali pasipo angani, hata penye kuuzwa chai. "Uhudumiaji wa ndege kiwanjani" ni sahihi zaidi, ila ni maelezo kuliko istilahi. Jambo hili si la upambo, kwa sababu katika baadhi ya viwanja huduma hii ni ya lazima na katika vingine ni ya hiari, na bili yake yaweza kuzidi ada ya kutua mara kadhaa. Rubani angehitaji neno fupi la kuulizia, "Je, ni lazima?" Wasomaji wanaofanya kazi viwanjani, ambao bila shaka wana neno lao la kila siku kwa kazi hiyo, wanaombwa kutuandikia.