Adui akiwekwa katikati: sheria ndogo ya mezani inayoleta mabishano makubwa

Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Wachezaji wa Kifaransa wanaujua kama Donjons et Dragons. Hauhitaji umeme wala simu: ni karatasi, kalamu, dadu na watu wenye kupenda hadithi. Mtu mmoja anakuwa shefu wa mchezo. Yeye anasimulia, anaendesha maadui wote, na anaamua pale kitabu kimenyamaza. Wengine, kila mtu iko na shujaa wake, nguvu zake zimeandikwa kwenye karatasi. Ukitaka kupiga, unarusha dadu ya pande 20, unaongeza namba zako, na ukifikia namba ya ulinzi wa adui, umempata. Ukikosa, basi, zamu imepita.

Shujaa mmoja anaweza kuchezwa miezi mingi, hata miaka. Akikufa, amekufa. Ndiyo maana sheria ndogo ya kupiga inaweza kufanya marafiki wabishane usiku mzima.

Sheria yenyewe ni ya kumweka adui katikati. Uwanja wa vita umechorwa miraba, kila mraba ni mita 1.5. Wewe ukisimama upande mmoja wa adui na mwenzako upande ule mwingine, mmenyooka, adui ameshikwa pande mbili. Kila mtu anaelewa: hauwezi kutazama mbele na nyuma kwa pamoja. Kwa hiyo meza nyingi zinataka kuwe na zawadi kwa wale wamejipanga vizuri. Lakini zawadi gani? Hapo ndipo matata inaanza.

Katika toleo la tatu, la mwaka 2000, zawadi ilikuwa kuongeza 2 juu ya dadu. Na kufika nyuma ya adui hakukuwa bure: ukizunguka karibu naye, yeye alikuwa na ruhusa ya kukupiga kofi la njiani. Uliweza kusogea mraba mmoja tu bila hatari. Toleo la tano la mwaka 2014 lilibadilisha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kitabu cha shefu kiliweka sheria hii kama ya kupenda, si ya lazima, na zawadi ikawa kurusha dadu mara mbili na kuchukua ile kubwa. La pili, adui sasa anakupiga njiani ukitoka tu mahali mkono wake unafika. Ukibaki karibu naye unaweza kumzunguka kama mtu anayezunguka mti, hakuna kitu.

Kumbe zawadi imekuwa kubwa, na bei yake imeondolewa.

Hesabu inaonyesha vizuri. Chukua mtu anayehitaji 11 au zaidi: bila kitu anapata mara 50 kwa 100. Akiongezewa 2, anafika 60. Akirusha mara mbili, anafika 75. Tena dadu ikionyesha 20, pigo linakuwa na madhara zaidi. Kwa kawaida hiyo inatokea mara 5 kwa 100, lakini kwa kurusha mara mbili inakaribia 10.

Wachezaji wanafurahi, mpaka siku maadui nao wanakumbuka kwamba sheria ni ya wote. Goblini, kale kaumbo kadogo ka mapangoni, kanaongeza 4 kwenye dadu. Shujaa anayeanza, mwenye ulinzi wa 16 na poini 12 za uhai, akizungukwa na goblini nne bila sheria hii, mapigo yanayompata kwa zamu moja hayafiki mawili kwa wastani. Kila pigo linaondoa poini 5 au 6, basi mara nyingi angali amesimama. Kwa sheria ya kurusha mara mbili, mapigo yanakaribia matatu. Ameanguka, na mwenyewe hata hajacheza zamu yake ya pili. Kwa kuongeza 2 peke yake, mapigo ni kama mawili na kidogo. Tofauti kati ya sheria hizi mbili ni uhai wa yule shujaa.

Na maadui ndio wako wengi kila mara. Shefu ana goblini kumi, ekipi ina watu wanne.

Kuko shida nyingine isiyoonekana haraka, na pengine ndiyo mbaya zaidi. Mchezo hauruhusu kurusha mara tatu au nne. Ukishapata ruhusa ya kurusha mara mbili, nyingine zote hazikusaidii. Sasa mfikirie yule aliyechagua kuwa mpiganaji wa hasira. Nguvu yake ni kujitupa bila kujilinda: anarusha mara mbili, lakini maadui nao wanarusha mara mbili juu yake. Analipa kwa damu. Mwenzake aliyetembea hatua tatu kuzunguka adui anapata kitu kilekile bure. Vilevile mchawi anayetumia zamu yake kumwangazia adui ili wenzake wampate. Akitazama mezani, anaona hakuna anayemhitaji. Mtu wa namna hiyo habishani. Wiki ijayo tu haji.

Mbwa mwitu pia wanapoteza utamu wao. Kitabu kinawapa ruhusa ya kurusha mara mbili kama mwenzao yuko karibu na windo. Sheria ya katikati inawagawia goblini na mifupa itembeayo kitu kinachofanana nayo, na mbwa mwitu wanakuwa maadui kama wengine.

Tena kuko ile foleni ya kuchekesha: shujaa, adui, shujaa, adui, wote kwenye mstari mmoja kama watu wanaongoja maji kwenye robine, kila mmoja anaweka mwingine katikati na yeye mwenyewe amewekwa.

Meza zenye uzoefu zinatengeneza namna mbalimbali. Iliyo rahisi ni kurudia kuongeza 2. Hiyo inajumlishwa na ruhusa nyingine, basi mpiganaji wa hasira bado ana kazi. Wengine wanarudisha bei: ukimzunguka adui, anakupiga njiani. Hiyo ni nzuri sana kwa ladha ya vita, ila inachelewesha mchezo, juu kila hatua inahesabiwa. Kuvunja ile foleni kunahitaji sentensi moja tu: aliyewekwa katikati hawezi kumweka mwingine. Kwa joka, ambalo ni adui mmoja mbele ya watu wanne, shefu wengi wanakatalia kabisa watu wawili kulishika, au wanadai watatu.

Kuwapa mashujaa peke yao sheria hii, maadui wakatazwe, ni dawa mbaya. Vita vinakuwa rahisi, shefu anaongeza maadui, na mnarudi mlikotoka.

Hata watu wenye pesa na wataalamu walipitia hapo. Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta uliojengwa juu ya sheria hizi, ulipoanza kuuzwa mwaka 2020 ukiwa haujakamilika, kusimama juu ya mwinuko kulikupa kurusha mara mbili. Wachezaji wakawa wanakimbilia milima na kusahau mengine. Ulipotoka kamili Agosti 2023, aliye juu aliongezewa 2, na aliye chini akipiga juu alipunguziwa 2.

Shefu anayetaka kujaribu aseme mapema, kabla watu hawajachagua mashujaa, na si katikati ya vita wakati mtu tayari amezungukwa. Vikao vitatu vinatosha kuona. Katika hivyo vitatu, atazame jambo moja: nani ameacha kutumia nguvu aliyoiandika kwenye karatasi yake.