Mtoto Asahauye Si Mvivu

Mdogo wangu aliugua malaria ikampanda kichwani alipokuwa na miaka mitano. Alishikwa na degedege, akalala siku mbili bila fahamu, kisha akapona, nasi tukamshukuru Mungu. Hatukujua kwamba ugonjwa huo waweza kuondoka ukaacha alama. Alipofika darasa la tatu akawa mtu wa kuchapwa. Mwalimu akisema, "Fungueni vitabu, nakilini hesabu, kisha leteni hapa," yeye hufungua kitabu akakaa kimya. Mimi nami, kaka yake, nilimwita mvivu. Ndiyo sababu nawaandikia habari hii, ninyi wenzangu na ninyi mliotutangulia, maana wengi wenu sasa ni walimu na wazazi.

Hapa hapa Kampala, katika Hospitali ya Mulago, Dr. Chandy John na wenzake waliwafuata watoto waliopona malaria ya ubongo. Taarifa yao ilitoka mwaka 2008. Miaka miwili baada ya kuugua, kiasi cha mtoto mmoja katika kila wanne alikuwa na upungufu wa kukumbuka, kukaza mawazo au kujifunza. Miongoni mwa watoto wa mitaani kwao wasiougua, walikuwa karibu 8 tu katika kila 100.

Je, akili iliyoumizwa yaweza kuzoezwa? Mwaka 2009 Paul Bangirana, mtaalamu wa saikolojia, pamoja na Michael Boivin wa Marekani na wenzao, walitangaza jaribio lao. Watoto waliopona malaria ya ubongo waligawanywa kwa bahati: wengine walizoezwa kwa kompyuta mara 16 katika majuma 8, wengine wakaachwa ili walinganishwe nao. Programu yenyewe, Captain's Log, ni kama michezo. Mtoto hukumbuka picha zilizofichwa, au hubonyeza aonapo alama fulani na kujizuia aonapo nyingine. Akipata, mchezo huzidi ugumu kidogo, akikosa, hulegezwa. (Na hakuna fimbo!) Waliozoezwa waliwapita wenzao katika baadhi ya vipimo vya kukumbuka na wepesi wa kufikiri.

Lakini msikimbilie kununua kompyuta. Mwaka 2013 Melby-Lervåg na Hulme walikusanya majaribio mengi ya kuzoeza kumbukumbu. Waliona kwamba mtoto huendelea katika zoezi lile alilozoezwa, lakini hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba faida hiyo huvuka ikafika kwenye kusoma na hesabu. Mchezaji ajuaye kupiga danadana mia si lazima afunge goli.

Hayo niliyaona nyumbani. Likizo iliyopita nilikata vipande vya boksi, nikavichora picha mbili mbili, tukavifunika na kuvitafuta. Baada ya majuma matatu alinishinda kila jioni, naye akacheka sana. Saba mara nane bado ilimpotea.

Kilichomsaidia zaidi darasani ni kitu kidogo. Mama alikwenda kuzungumza na mwalimu wake, akamweleza habari za ugonjwa ule. Sasa huketi mbele, huambiwa neno moja kwa wakati mmoja, na jedwali la kuzidisha limebandikwa ndani ya daftari lake. Fimbo imekoma. Nyumbani pia Mama humtuma dukani kitu kimoja kimoja. Juzi aliomba mwenyewe atumwe viwili, akarudi na chumvi, na sabuni, na chenji kamili.